Presha ya Mama na Yangu

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Mama kafika kutoka Murungu. Jicho la kushoto limeziba kabisa kwa mtoto wa jicho, la kulia linafuata. Upasuaji keshokutwa, hapa Kasulu. Mume wangu Badru kampokea mzigo, kamwita mama. Mama kamjibu kwa adabu. Mimi hakuniangalia — au haoni tu? Shingo imenikaza toka mchana.

Jumatano, 11 Septemba
Hawakumpasua! Presha 190 kwa 110. Nesi Venanti anasema kwa hali hiyo jicho haliguswi. Dawa anameza, namwona mwenyewe. Kauliza kama nyumbani kuna maneno. Nikasema hakuna. Akanipima na mimi: 165! Na miaka thelathini na nne! Mama akacheka, eti moyo huo nimerithi kwake, wa baba ulikuwa jiwe.
Kamtaja baba. Njia nzima ya kurudi tumeongea mvua.

Alhamisi, 12 Septemba
Venanti kapita nyumbani kumpima Mama nikiwa sokoni: 150. Nikaingia na kikapu, akarudia: 178. Mimi nasikia mapigo mpaka masikioni. Akatuangalia mmoja mmoja. Kasema kesho wajaribu tena upasuaji, ila nisimsindikize, aende na Badru.
Na Badru! Baba alinifukuza kwa sababu yake, kwa kuwa ni Mwislamu. Baba akafa, msibani hawakuniona. Miaka sita. Mama hajauliza, mimi sijasema. Tunaongea maharage na mvua.
Nimelia jikoni, bila sauti. Huko sebuleni Mama akaanza kile kikohozi chake cha kuzuia machozi. Amejuaje?

Ijumaa, 13 Septemba
Wameondoka saa mbili, nimebaki. Saa tatu Badru kapiga simu: 148, wanamwandaa. Nikamshukuru Mungu. Halafu uchungu ukanishika. Kumbe bila mimi anapumua.
Saa nne kapiga tena. Mama kagoma kuingia, ananitaka mimi. Venanti anaonya presha itapanda akiniona, na daktari wa macho anaondoka leo, harudi mpaka Novemba. Nikapanda bodaboda.
Mama kanishika mkono mbele ya watu.
“Mwana wanje, mwanangu, siku tunamzika baba yako ulikuwa wapi?”
“Nilifika, Mama. Nilikaa kwenye migomba ya jirani mpaka mlipomaliza. Niliogopa kuingia.”
Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Venanti akamwingiza kumpima mara ya mwisho.
Naandika kwenye benchi. Badru kaenda kuleta maji. Mapigo yangu yametulia. Ya kwake bado sijui; kama tunapanda pamoja, labda na kushuka ni pamoja. Mlango unafunguliwa —