Jumatano ya Telesfori

Jumanne, 10 Juni 2025

Miguu imevimba tena. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Wiki iliyopita daktari aliniambia kwa sauti ya upole — naijua sauti hiyo, nimeitumia mwenyewe kwa wagonjwa — kwamba moyo umechoka, nile ninachopenda. Miaka themanini na moja. Sikulia. Njiani kurudi Runazi niliwaza jambo moja tu: Telesfori atanizika.

Atakuja na suti yake ya kijivu. Atapewa nafasi ya kusema. Atasema mimi ndiye niliyemfundisha kazi, na watu watatikisa vichwa kwa huzuni.

Hapana!

Mimi ni tabibu wa meno, nina cheti cha chuo. Yeye alikuwa mhudumu wangu kituoni. Alichemsha vifaa, alifuta damu, alishika vichwa vya wagonjwa nikiwa nang'oa. Alitazama kwa miaka. Alipoacha kazi aliondoka na koleo langu moja la kung'olea meno, na haukupita muda wagonjwa wangu wakamfuata. Koleo nimemsamehe.

Padri atakuja kunipaka mafuta siku si nyingi. Nitamwambia dhambi zangu. Ninayoipanga sasa sitamwambia, maana atanikataza. Naiandika hapa.

Jumatano, 11 Juni

Siku ya mnada, kwa hiyo ni siku ya Telesfori. Kutoka barazani naiona njia inayopanda kwake. Wanawake na watoto mgongoni, wamevaa kama wanakwenda kanisani.

Anachimba watoto. Mtoto akiharisha au akipata homa wakati wa kuota meno, watu wanasema ana meno ya plastiki — meno mabaya, laini, yamejificha ndani ya ufizi, yasipotolewa yanaua. Hakuna meno ya plastiki. Ni chonge za utotoni ambazo hazijakomaa. Yangu yalikuwa hivyo, ya Telesfori yalikuwa hivyo. Lakini yeye anapasua ufizi kwa spoku ya baiskeli aliyoinoa, anayatoa, anayaweka kwenye kiganja cha mama: hayo hapo. Mama anaona kwa macho yake. Kuharisha kunakoma baada ya siku mbili, kama ambavyo kungekoma. Au mtoto anakufa, na wanasema alicheleweshwa.

Mmoja alifia mikononi mwangu, taya limevimba, sumu imeshaingia kwenye damu. Nilimwomba mama yake atoe ushahidi. Akasema Telesfori alijitahidi, tena alikuja msibani. Wewe hukuja.

Kweli, sikwenda. Nilikuwa kazini.

Kwangu watu walikuja wakitaka jino litoke leo. Mimi nikawaambia: hili linazibika, dawa ya kuziba haijafika, rudi wiki ijayo. Au: pamevimba, ganzi haitashika, meza dawa kwanza. Ukweli mtupu. Wakanipa jina, Mama Rudi Kesho. Watoto wa shule waliliimba nikipita sokoni. Yeye hakumrudisha mtu hata siku moja.

Alhamisi, 12 Juni

Joan anaharisha. Ni kitukuu changu, hajafikisha mwaka. Baba yake, mjukuu wangu, yuko Rusumo kwenye malori, kwa hiyo hapa nyumbani tuko wanawake tu: mimi, mkwe wangu Jovina ambaye ni bibi yake mtoto, na Clarisse, mama yake.

Jovina alimpeleka Joan mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo, akapitisha kidole. Akasema ni ya plastiki haya, mama. Alisema huku ananitazama kwa pembeni, anangoja hotuba yangu. Wanaijua kama Baba Yetu.

Sikuitoa.

Kitu cha baridi kilinipita mwilini, nikajisikia kijana. Danstan, mganga wa meno wa wilaya — alikuja kwangu kwa mazoezi akiwa bado mwanafunzi, hadi leo ananiita bibi — aliwahi kuniambia kwamba bila kumkuta Telesfori na mtoto mapajani na chuma mkononi, hakuna kesi. Hakuna atakayetoa ushahidi. Mwenye mtoto ndiye wa kwanza kukana.

Mwenye mtoto sasa ni mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesema. Niliwaita wote wawili nikawaambia: "Mpelekeni kwa Telesfori Jumatano."

Jovina alidhani namdhihaki. Clarisse, ambaye tangu aolewe hapa nimemwonya juu ya spoku ile, aliuliza mara mbili. Bibi, wewe? Nikasema uzee nao ni shule. Nilishangaa jinsi uongo ulivyotoka laini. Sikuwaambia mpango, maana Clarisse hawezi kumficha Jovina neno, na Jovina anampenda Telesfori kuliko anavyonipenda mimi. Alimng'oa jino siku moja mvua inanyesha, alimfuata hapa hapa nyumbani. Hajalisahau.

Kisha nikampigia Danstan. Atakuja na askari Jumatano saa nne asubuhi, wakae karibu, waingie kabla chuma hakijamgusa mtoto. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikasema wa mtu anayeniamini.

Huo si uongo.

Jumamosi, 14 Juni

Joan amepata nafuu. Clarisse alikuwa anampa maji ya chumvi na sukari kama nilivyomfundisha. Leo mtoto amecheka, amenivua miwani.

Nilikasirika. Naliandika wazi ili nisije nikajidanganya: mtoto alipona na mimi nikakasirika. Niliogopa hawatampeleka.

Jovina amenitoa wasiwasi. Anasema ugonjwa umejificha tu, meno bado yapo, yanangoja.

Nikasema ndiyo, yanangoja.

Jumapili, 15 Juni

Jovina karudi kutoka misani amechangamka. Baada ya misa aliwaambia wanawake pale nje kwamba hata mimi, Mama Agripina, nimekubali. Hawakuamini. Mmoja akamwambia aape, akaapa hapo hapo mbele ya kanisa. Wakapiga vigelegele, anasema. Kwa ajili yangu!

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Kuna wanawake ambao hawajawahi kupanda ile njia kwa sababu yangu. Walikuwa wanamwogopa yule bibi wa meno na maneno yake. Watoto wao wakiharisha, wanakaa nao nyumbani na maji ya chumvi. Sasa wamefurahi, wamefunguliwa. Jumatano wanakwenda.

Miaka yote nilidhani nilikuwa namwaga maji mchangani. Kumbe kuna mahali palilowa. Na mimi nimejua leo, siku nilipokwisha kupakausha.

Nilipaswa kumwita Jovina nimweleze yote palepale, bado ana kitambaa cha kanisani kichwani. Nikawaza badala yake: mashahidi wengi, kesi nzito. Danstan atamkuta na safu nzima ya watoto. Atafungwa afie ndani, na mimi nitakuwa nimekufa kitandani kwangu, shuka safi.

Chakula cha mchana nilikula nikamaliza. Jovina akasema leo mama ana hamu.

Jumatatu, 16 Juni

Telesfori amekuja!

Alikuja na kuku aliyefungwa miguu. Jovina akampokea kwa mikono miwili. Kiti kipo, yeye akachagua kigoda, akakaa chini yangu kama enzi zile akichemsha vifaa. Amezeeka vizuri. Shikamoo dada, marahaba. Akaulizia miguu. Akatania kama meno yangu yote bado yapo. Nikamwambia yapo na simpi hata moja. Akacheka mpaka akajifuta machozi, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha akasema amefurahi kwamba hatutaachana na kinyongo. Akasema hakuna mtu aliyetaka amkubali maishani zaidi yangu. Akaendelea, polepole.

"Wewe dada ulikuwa na koti jeupe na cheti. Lakini jioni ukifunga mlango wa kliniki nilikuwa nauona uso wako. Kama mtu anayetoka msibani. Mimi kazi hii naipenda. Kila Jumatano nalala nimefurahi. Wewe ulilala umefurahi lini?"

Hakuwa ananitukana. Hilo ndilo baya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Niliwahi kumtibu mtu taya lililooza, nikamwokoa nalo, akaenda kunishtaki kwa mganga mkuu kwamba nilimzungusha. Niliziba meno ambayo mpaka leo yanatafuna mahindi hapa kijijini, na wenye meno hayo hawanikumbuki, kwa sababu jino lisilouma halina kumbukumbu. Hakuna aliyewahi kuniletea kuku.

Nilimtazama vifundo vya mikono. Vyembamba. Nikawaza pingu zitampwaya.

Alipoinuka akasema Jumatano ataanza na Joan, kwa heshima yangu.

Jumanne, 17 Juni

Danstan amethibitisha. Saa nne. Askari yupo, gari lipo.

Yule kuku Jovina amempika. Nimekula paja. Tamu.

Clarisse alikaa nami jioni, Joan kifuani. Akasema ukweli bado anaogopa, bibi, mtoto mwenyewe mzima, anacheka. Je, si tungengoja? Nilikuwa na kila neno mdomoni. Nikamwambia asiogope, hataguswa kwa ubaya wowote. Akanishukuru. Ameamini.

Hataguswa. Danstan ni mtu wa saa.

Jumatano, 18 Juni

Wameondoka mapema. Pikipiki moja, Jovina nyuma, Clarisse katikati, Joan kafunikwa kitenge cha njano. Hata bado haijafika saa tatu. Telesfori alituma neno waje mapema kwa sababu watu ni wengi.

Nimempigia Danstan kumwambia awahi. Hajapokea.

Amepiga yeye. Gari limechukuliwa asubuhi hii kupeleka wageni. Alisikitika sana, anasema ameomba jingine, wamemwambia Ijumaa. "Lakini bibi, hakuna haraka, si tutamkamata hata wiki ijayo? Huyo mama wa mtoto mwambie tu asimpeleke mtoto leo."

Nimeweka simu chini. Nikaichukua tena. Jovina. Ikaita — chumbani kwake. Ameiacha kwenye chaji. Ya Clarisse iliingia maji tangu Pasaka. Nimeita majirani kwa sauti yote niliyo nayo. Hakuna mtu. Mnada. Mwenye pikipiki namba yake sina.

Namba ya Telesfori ninayo. Aliniandikia Jumatatu mwenyewe.

Lazima niandike hili pia. Niliitazama namba ile na kuwaza: nikimpigia, nitamwomba. Nitamwomba Telesfori. Atajua kila kitu, na atanisamehe mbele ya watu, na msamaha huo ndio utakaosimuliwa kwenye mazishi yangu. Nikawaza pia kwamba wengi hupona. Mimi! Niliyemshika yule mtoto wa taya. Nilikaa na wazo hilo mpaka likaanza kuoza.

Kisha nimepiga.

Amepokea mara moja, furaha tele. Kabla sijafungua mdomo akasema ngoja dada, naweka sauti wakusikie wote. Ni Mama Agripina huyu, akawaambia, msalimieni. Na wakanisalimu. Wanawake wote kwa pamoja, baraza zima, kama darasa la kwanza. "Shikamoo bibi!" Mmoja akaongeza asante bibi, Mungu akuponye. Na wengine nao, asante, asante. Nyuma yao watoto wanalia, na mmoja alikuwa anacheka, namjua anavyocheka.

Wote walikuwa wananisikia. Hawajawahi kunisikia hivyo tangu nivae koti jeupe. Ningesema acheni, rudini nyumbani, wangerudi. Nina hakika wangerudi.

Ilikuwa tamu. Nilifumba macho. Kwa pumzi moja au mbili nilisahau nilichopigia.

Nikasema, "Marahaba, wanangu."

Akasema haya dada, nanawa mikono, tunaanza na wako. Nikaita Telesfori! Telesfori! Alikuwa ameshakata.

Nimepiga tena. Inaita mpaka mwisho. Nimepiga tena.

Nimejaribu kusimama. Nimefika mlangoni kwa magoti. Njia naiona, na bati lake juu kule, na kitenge cha njano kwenye ukingo wa baraza, kimetandikwa juani, hakina mtu ndani yake.

Napiga tena. Inaita.