Nyasi za Mke Wangu Zina Bei Gani?

Jumanne, tarehe 11 Machi

Kwa Dada Mshauri,

Salamu nyingi. Naomba msaada wako kwa jambo ambalo ukilisikia juujuu utacheka, nami sitakulaumu, maana ni jambo la nyasi. Mimi ni fundi saa mstaafu, mke wangu alifariki miezi saba iliyopita, na sasa naishi peke yangu kwenye nyumba yetu yenye uwanja wa nyasi kwa nyuma, hatua kumi na nane kwa kumi na mbili, nimeupima mwenyewe, na nataka unieleze mtu mwenye nyumba kama mimi atarajie kulipa kiasi gani akitunziwa nyasi na wenye kazi yao, kwa sababu nadhani nimekosea, na siwezi kumwuliza binti yangu, ameshaninunia.

Sisi tuligawana kazi kinyume na majirani wote, mimi napiga pasi, yeye anakata nyasi. Ilianza mwaka wa kwanza wa ndoa, yeye aliunguza shati langu la kazini na mimi nikapitisha mashine ya nyasi juu ya waya wake wenyewe, wakati huo tulikuwa na ile ya umeme, na yote mawili yalitokea siku moja, basi tukabadilishana, na hatukurudi nyuma kwa miaka thelathini na mmoja. Jirani yetu dereva wa teksi alikuwa akimwona anasukuma mashine anampigia kelele juu ya ukuta, "Mama, mwenye nyumba yuko wapi leo?" naye anajibu, "Yuko ndani ananyoosha magauni yangu, usimsumbue!" Alivaa viatu vyangu vya zamani, mbele amevijaza soksi, na akimaliza anakuja dirishani ananukia majani mabichi na petroli, anagonga kioo, "Fundi, toka nje uone," nami natoka, hata kama saa ya mteja iko wazi mezani na vijidude vyake vyote vimetawanyika.

Alipoondoka nyasi ziliota mpaka magotini. Mwezi uliopita nikaipigia simu kampuni moja ya bustani, akaja meneja wao, mama mmoja mchangamfu mwenye buti safi na futi ya kupimia, akauliza nani alikuwa anatunza hapa, nikamwambia ni mke wangu, akatania, "Na mlikuwa mnamlipa vizuri?" Hakuwa anajua. Nilicheka naye, lakini lile neno lilinikaa moyoni. Kisha akanionyesha mikataba mitatu, mdogo ni kukata tu, wa kati una mbolea, na mkubwa una kila kitu, kukata kila wiki, mbolea, dawa ya magugu, kutoboa udongo upate hewa, na nyasi mpya palipo na upungufu. Nikasaini ule mkubwa. Dada yangu, unakula theluthi ya pensheni yangu kila mwezi, kwa mwaka mzima. Sikuwa nimelewa wala sikulazimishwa, ila niliona nikichukua ule mdogo ni kama nasimama mbele ya mgeni na kusema kazi ya mke wangu ilikuwa ndogo.

Binti yangu alipouona ule mkataba alisema, "Baba, hizi nyasi zinakula vizuri kuliko wewe." Nikamjibu kwamba ni nyasi za mama yake. Akasema, "Mama angekukimbiza na fagio mpaka kwenye geti," akachukua mkoba wake akaondoka, na Jumapili mbili sasa hajaja.

Lakini hilo la pesa ningelimeza, linaloninyima raha ni jingine. Kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye kamba ya nguo kuna njia isiyo na nyasi, nyembamba, aliyoipasua yeye kwa miguu yake akibeba beseni. Katikati inapinda kidogo, zamani palikuwa na kichaka cha maua, kilikufa miaka mingi iliyopita tukaking'oa, lakini yeye aliendelea kupinda pale pale kana kwamba bado kipo. Meneja alisimama juu yake akasema, "Mzee, hapa pana kipara." Nikamwambia, "Hata mimi ninacho, mbona hunitibu?" Akacheka sana, akaandika. Baadaye ndipo nikaelewa alichoandika: Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu watu wake wanakuja kuichimbua ile njia na kupanda nyasi mpya, imo kwenye mkataba, na nimesaini. Nikashika simu nimpigie, nikairudisha mezani. Ningesemaje? Kwamba naomba mniachie upungufu wangu? Tangu msiba nguo zangu nampelekea dobi, na nyasi zimeshaanza kuingia pembeni zenyewe, nikisimama dirishani asubuhi naona njia imekonda.

Niambie bei ya haki ni ipi, na niambie kama mtu anaweza kurudisha neno baada ya saini. Mimi si mtu wa kurudisha neno.

Fundi saa mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Kaka yangu fundi, pole sana. Barua yako nimeitoa chini ya rundo na kuiweka juu, kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Tuanze na bei, maana ndiyo uliyouliza. Nimewapigia watunza bustani wanne wanaofanya kazi kwenye nyumba za watu wa kawaida. Kwa uwanja kama wako, kukata, kunyoosha kingo na kuzoa majani, mtu akija na mashine na mafuta yake, wote wanne walitaja kitu kinachokaribia malipo ya fundi mwashi kwa siku moja. Ukimpa mashine ya mkeo, anapunguza. Wakati wa mvua mwite kila wiki mbili, kiangazi mara moja kwa mwezi inatosha. Mbolea mara mbili kwa mwaka, hiyo inunue mwenyewe, usinunuliwe. Magugu yang'olewe kwa mkono, ni kazi ya asubuhi moja. Kutoboa udongo, mmoja wao aliniuliza, "Kwani hapo wanacheza mpira?" Ukijumlisha yote hufiki hata robo ya unachokatwa sasa. Binti yako alikuwa sahihi, na fagio ulilistahili.

Sasa nikugombeze kidogo. Nani amekudanganya kwamba mkeo hakulipwa? Mwanamke aliyevaa magauni yaliyonyooka kwa miaka thelathini na mmoja, bila kushika pasi, unamwita kibarua wa bure? Wenzake walimwonea wivu, nakuapia. Kama bado unaona kuna kitu hukumpa, hicho hakipelekwi kwa mama mwenye buti safi. Yeye anauza kazi yake, anaiuza vizuri, na hana kosa lolote. Kosa ni lako uliyenyamaza.

Na hilo la kutorudisha neno liache kabisa. Saa ya mteja ikirudi dukani kwako haiendi, ulimwambia umeshasema imepona? Uliifungua tena. Chukua ule mkataba, utafute sehemu inayoeleza namna ya kuuvunja, kisha umwandikie meneja barua fupi kabla wiki hii haijaisha. Mwombe akuhamishie kwenye mkataba mdogo, au akuachie kwa notisi ya mwezi mmoja. Mwezi ulioulipa hesabu umekwenda, usiulilie. Chini ya barua ongeza sentensi moja: "Ile sehemu isiyo na nyasi ni njia, naitumia, isiguswe." Huna haja ya kumweleza zaidi. Na Jumamosi hiyo uwe nyumbani, usimame uani mwenyewe, wasije vibarua ambao barua haikuwafikia.

Lakini, kaka, usimwandikie uongo. Ukiandika unaitumia, basi itumie. Hata kampuni isipokuja na koleo, hiyo njia itafunga yenyewe ukiendelea kuilinda dirishani, umeshaiona inakonda. Mwache dobi. Pasi unaiweza kuliko sisi wote, kuanika kutakushinda? Fua, beba beseni lako, toka kwa mlango wa jikoni, na ukifika katikati upinde, hata kama hakuna kichaka. Mara mbili kwa wiki. Nyasi hazitaota tena hapo.

Mpigie binti yako leo, umwambie alikuwa sahihi, halafu umwombe aje Jumapili akushikie vibanio.

Nisalimie huyo binti, na mimi unikumbuke.