Kasha Lenye Jina Lako

Wynyard, Tasmania
Januari

Kwa kaka yangu mpendwa Merv,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako vipi, au bado unachechemea huku ukimgombeza daktari? Sisi huku wazima wa mwili, ila mioyo mizito. Mvua ya mawe ya kabla ya Krismasi imelipiga shamba la mwanao Darcy, haikuacha jani.

Sijasahau ulivyomwambia siku mliyogombana, kwamba mkulima anayeuza hisa za mavuno kabla hajapanda ni ombaomba aliyevaa buti. Tangu siku hiyo hamsemezani. Lakini sisi tulionunua hisa tuliingia tukijua: tunalipa wakati wa baridi, kisha kiangazi kila Jumamosi tunachukua makasha yetu, yajae yasijae.

Jumamosi iliyopita yalijaa. Tulistaajabu. Beryl, mwenzetu wa hisa, unaujua mdomo wake, akainua karoti akauliza tangu lini udongo wetu mwekundu ukazaa karoti za kwenda gwaride, zote kimo kimoja. Akaifuta kwa aproni. Kumbe Darcy alizinunua dukani, akazipaka tope la shamba kwa mikono yake! Masikini, alishindwa hata kuinua uso. Akasema baba yake alimfunza asile jasho la mtu bure, na pesa zetu ameshazila.

Beryl akamfokea kwamba asitufanye watoto, karoti za dukani tunajua zinakouzwa. Sisi tulinunua mwaka wake, na mwaka ukiharibika, umetuharibikia sote. Nililia, kaka, sikuficha. Pale pale watu wakaandikisha hisa za msimu ujao.

Sasa nikwambie nililokuficha. Tangu msimu wa kwanza kuna kasha lenye jina lako. Darcy hulijaza kabla ya yote, nami huwapelekea wazee wa kanisani, maana alinikataza nisikwambie. Jumamosi ile nililifungua. Karoti za dukani hazikuwemo. Ndani mlikuwa na viazi vitatu, vidogo kama mayai ya njiwa, basi. Sisi wote alithubutu kutudanganya. Wewe hakuthubutu.

Nimekufungia viazi hivyo pamoja na barua hii. Ole wako uwape kuku! Vichemshe, utie siagi, ule. Kisha mpigie mtoto simu.

Nisalimie majirani, na goti ulifunge vizuri.

Mimi dada yako akupendaye,
Noreen