Tovuti Aliyoitengeneza Mama

Manga, Nyamira
Jumapili jioni

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka nyumbani. Natumaini kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa vumbi la kiwanda kimepata nafuu, na kwamba kule Athi River unapata usingizi. Sisi tu wazima. Mvua imenyesha, majani chai yamechipuka, na migomba ya nyuma ya jiko imeinama kwa uzito.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwa simu siwezi. Unanijua. Ukisema halo, mimi hunyamaza na kumpa Mama. Tena binti hamwambii baba yake maneno haya akimtazama. Lakini nimekasirika, Baba, na wewe ni mmoja wa niliowakasirikia. Naomba usome hadi mwisho.

Unajua kwamba Mama amekuwa akienda Kisii mjini kila Jumapili kujifunza kutengeneza tovuti. Labda hujui alivyotaabika. Siku ya kwanza alishika kipanya kama mtu aliyeshika kifaranga, na watoto wa chuo waliokaa naye wakamwita shosho, yaani bibi kizee. Aliendelea. Sabato ilipoisha na jua likatua, alifungua tarakilishi aliyoazimwa na kufanya mazoezi hadi ugali ukapoa. Ndivyo alivyoitengeneza tovuti ya shule yake: picha za wanafunzi wake wa Gredi ya Nne, ratiba, na ukurasa wa wazazi walio mbali kama wewe kusoma habari.

Huko Kisii walimfundisha pia kujiandikisha kwenye mtandao wa watu wa kazi, ambapo mwalimu hueleza anachokijua na walimu wengine wakampata. Hapo ndipo kosa lilipotokea. Mtandao ulimuuliza kama angependa kuwaalika watu anaowafahamu. Mama akabonyeza ndiyo. Hakujua kwamba ungewaalika wote walio kwenye simu yake, na mmoja wao alikuwa Sokoro Onsongo.

Mtu wa nje angecheka tu. Lakini wewe unajua huyo tunayemwita sokoro, yaani babu, ni mwalimu wake mkuu, na pia mdogo wa marehemu Babu, hivyo ni baba mkwe wa Mama. Tangu Sokoro alipohamishiwa shule hiyo, Mama hajampa mkono hata mara moja. Hupita upande wa pili wa uwanja, na ujumbe wote hupitia kwa naibu, Mwalimu Abner. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya mkwe na mkamwana, na Mama ameishika hata pale kazi ilipoifanya iwe ngumu. Sasa simu ya Sokoro ikalia, ikamwonyesha picha ya Mama akitabasamu, na maneno kwamba angependa kuungana naye.

Angeweza kuufuta mwaliko huo. Badala yake aliwaita wazee wa ukoo, simu ikapita mkono kwa mkono. Shangazi Loice aliyekuwa akiwapikia aliniambia kwamba mmoja aliuliza kama siku hizi wakamwana wanatafuta marafiki kwa baba wakwe, na wakacheka hadi chai ikamwagika. Mama, ambaye naye aliitwa, alikuwa amesimama nje, kichwa chini. Akaomba msamaha. Wewe ulipopigiwa simu ulisema aombe tu, mambo yaishe.

Hayakuisha. Sokoro alimtuma Mwalimu Abner nyumbani kuchukua neno la siri la tovuti, akidai kwamba ni mali ya shule na haiwezi kuachiwa mwanamke asiye na adabu. Mama alilitoa. Wiki iliyofuata, chini ya ukurasa wa kwanza, jina lake lilikuwa limeondolewa. Palikuwa na jina la Bravin, mwanawe Sokoro wa mwisho, ambaye tangu amalize chuo anashinda amelala.

Nawe unajua kwamba kaunti ilikuwa ikitafuta mwalimu wa kuwafundisha wenzake kutengeneza tovuti za shule zao. Mama alikuwa ameomba nafasi hiyo, na tovuti ndiyo iliyokuwa ushahidi wake.

Ijumaa afisa anayeitwa Bi. Millicent Akong'o alikuja kuiona. Wazazi walialikwa, nami nikaenda kusaidia kugawa chai. Sokoro alisimama akasema kwamba tovuti imetengenezwa na Bravin, na kwamba Mwalimu Kemuma, yaani Mama, alisaidia tu kupiga picha. Bravin alitazama viatu vyake. Bi. Akong'o, ambaye ni mtu wa kule ziwani na hajui mambo yetu, akamuuliza Mama kama ni hivyo. Mama akainamisha kichwa. Angemkanushaje mkwe wake mbele ya watu? Sokoro alilijua hilo. Alimwibia akijua kwamba heshima itamfunga mdomo, na huyo ndiye anayetuombea kanisani!

Baba, sasa nikuambie lile uliloambiwa vibaya. Sokoro amekupigia akasema nilimtukana. Sikumtukana. Mjukuu ana ruhusa ya kumtania babu yake. Binamu zangu wote wa kike humvuta ndevu na kumwita mume wao. Mimi peke yangu hujificha nyuma ya mlango. Ijumaa niliweka sinia chini. Nikamwambia kwa sauti: Mume wangu Onsongo, uzee umekuchezea. Majuzi ulimtuma Abner kwetu kuomba neno la siri. Tovuti ikiwa ni ya Bravin, mbona ufunguo ulikuwa kwa Mama, mke wa mwanao? Au Bravin huota akiwa kitandani kwake, halafu Mama ndiye anayeamka kuandika?

Wazazi walicheka hadi wengine wakapiga meza. Hata yeye alianza kucheka, maana mjukuu akimtania, babu hakasiriki. Halafu Bi. Akong'o akamuuliza Mwalimu Abner kama alitumwa. Abner akasema ni kweli. Hapo Sokoro aliacha kucheka.

Kisha Mama akageuka kuuelekea ubao, asimwone Sokoro usoni, akasema kwamba ni yeye aliyeitengeneza, kila ukurasa. Hakumtaja mkwe wake wala hakumtazama. Hakuvunja chochote, Baba.

Amepewa nafasi. Lakini Sokoro anasema hatamruhusu kuondoka shuleni mpaka achinjwe mbuzi wa kuondoa aibu, na jana baada ya ibada Mama aliniambia kwamba umekubali kumtuma mbuzi huyo. Aliniambia akikunja nguo za kanisa, akikunja ileile moja mara mbili, mara tatu. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

Usimtume, Baba. Mbuzi huyo akiliwa, watakaomla watakuwa wamekubali kwamba Mama alikosa, na kila shule atakayoingia habari hiyo itamtangulia. Najua wewe pia huruhusiwi kubishana na baba yako mdogo. Lakini kutotuma mbuzi si kubishana. Sokoro akinyima ruhusa, Bi. Akong'o amesema ataiomba ofisini mwenyewe. Na kama ni lazima mtu atozwe kwa maneno ya Ijumaa, niliyasema mimi, na mjukuu hatozwi mbuzi.

Shangazi Loice anakusalimu sana. Mama angekusalimu pia, ila hajui kwamba nimeandika. Mungu akulinde kazini. Nakupenda, na bado nimekasirika.

Ni mimi binti yako,
Nyanchoka