Gunia Mbele ya Rejeta

Jumanne, Kapsoit

Kumbe sensa ya joto la injini ni nzima. Nimefuata waya wake kutoka kwa dashibodi hadi kwa injini, nikaifungua hiyo sensa na kuichovya kwenye sufuria ya maji moto, waya ukiwa bado umeshikana nayo. Mshale wa geji ukapanda vizuri. Kwa hivyo ile gari kuukuu ya spoti ya Baba inachemka kweli.

Nikainama mbele. Gunia analofunika nalo rejeta asubuhi za baridi, ili injini ipate joto, bado lilikuwa hapo. Nikalichomoa. Hulitoa kabla ya kuondoka. Hajawahi kusahau.

"Gunia nilitoa mimi mwenyewe asubuhi," Baba akasema, huku akiliangalia mkononi mwangu.

Nikalikunja, nikaliweka kando. Jumamosi anataka kutupeleka Ndanai, mimi na watoto, akiendesha yeye.

Gari yenyewe haina shida.