Panya wa Gari la Mama

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Mlango wa jikoni sasa unafungika, na paka wako amenenepa mpaka anakoroma.

Lakini wiki hii wa kusifiwa ni Mama. Alikuwa anawapeleka watoto wa jirani shule kwa lile gari ulilochokonoa injini yake ili likimbie. Kwenye mteremko injini ikaanza kumisi na kukohoa. Taa ya kuonya haikuwaka, ila yeye alihisi usukani unatetemeka. Akaegesha pembeni, akawashusha watoto wote huku akiwaimbisha. Moshi ulipotoka chini ya boneti, walikuwa mbali wanapiga makofi.

Wazazi wao walipouliza kwa nini taa haikuwaka, Mama alijibu bila kupepesa macho, "Panya wametafuna waya." Hata mtego akanunua, akautega ndani ya gari watu wauone.

Kaka, huo waya nimeuona. Umekatwa kwa koleo, ukafungwa tepu vizuri.

Mama sijamwambia. Lakini sasa hivi ameniona naandika, akasema huku akipakua chakula, "Mwambie huyo panya wangu aje na waya mpya. Sahani yake ipo."

Mdogo wako,
yuleyule mbea