Baba Aliyesimama Mbele ya Behewa

Baba,

Usinicheke mwandiko. Naandika haraka, vidole bado vina dawa ya chumba chako cha giza cha kusafishia picha.

Tulikuzika bila picha juu ya jeneza. Mpanda nzima umeipiga picha wewe, maharusi, wanakwaya, hata mbuzi wa watu, na ya kwako hukuacha hata moja. Mama alitafuta mpaka chini ya godoro. Majirani hapa Ilembo wakanong'ona kwamba kinyozi hajinyoi. Mama alilia kwa hilo kuliko kwa yote, akisema siku moja atausahau uso wako.

Leo nimesafisha ule mkanda wako wa mwisho, wa stesheni. Unakumbuka kazi zetu za usiku: mimi nafungua lenzi na kuiacha wazi gizani, wewe na koti lako jeusi unapita mbele ya kamera na tochi, unamulika behewa kidogo kidogo kama mtu anayepaka chokaa, mpaka uite, "Funga," nami naifunika lenzi. Kwenye picha behewa linang'aa, wewe huonekani. "Anayetembea haonekani," ulikuwa ukiniambia. "Anayesimama ndiye anayenaswa."

Usiku ule ulisimama. Ukajimulika usoni. Nikakwambia, "Baba, unaharibu picha." Ukajibu, "Acha iharibike." Nikadhani ni uchovu.

Leo karatasi ya picha ikiwa ndani ya dawa, kwanza likaja behewa. Halafu ukaja wewe. Nilipiga yowe, Baba. Uso umetimia, na ule mkunjo wako kati ya nyusi, lakini mbao za behewa zinaonekana kifuani mwako, kama vile umeshaanza kuondoka. Kumbe ulijua. Ulijua ugonjwa wako na hukutuambia. Nimeshtuka, na nimekasirika pia.

Niliogopa kumwonyesha Mama. Aliisogeza karibu na macho. Kisha akasema, "Amekonda, ila ndiye. Itundike." Iko ukutani, juu ya redio.

Mama nitampiga picha mchana, jua likiwaka, hata akikataa. Nami nitasimama kando yake, jirani atubonyezee. Hiyo nakuahidi.

Ila kuna jambo moja. Usiku ule hukuita, "Funga." Nilisubiri neno lako, nikasubiri, mwishowe ukaja mwenyewe ukaifunika lenzi kwa kiganja, tukarudi nyumbani. Leo sitasubiri uite.

Umesimama vya kutosha, Baba. Pumzika. Nafunga.